Mwalimu Nyerere na Mgomo wa Michezo

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili, 1922. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki. Mama yake aliitwa Mugaya. Husimuliwa kwamba siku ya kuzaliwa kwake mvua kubwa ilinyesha, ndiyo maana akapewa jina la Kambarage, yaani mzimu wa mvua.

Mwaka 1934 alipelekwa shule ya Mwisenge, mjini Musoma. Alikuwa na umri wa miaka 12. Kutoka Butiama hadi Musoma ni karibu maili 26, na siku hizo watu walikwenda kwa miguu. Baadaye alisoma Tabora, kisha Makerere nchini Uganda, kisha Edinburgh huko Uingereza. Alifundisha shule, na hata leo watu wanamwita Mwalimu. Tarehe 7 Julai, 1954, chama cha TANU kilizaliwa naye akawa kiongozi wake. Tarehe 9 Desemba, 1961, Tanganyika ikapata Uhuru.

Habari hizo mmekwisha kuzisikia mara nyingi. Hapa tutasoma jambo ambalo halielezwi sana. Ni habari ya jinsi Mwalimu alivyotumia michezo kupigana na makaburu wa Afrika Kusini.

Kwanza tuelewe neno kususia. Kususia ni kukataa kwa makusudi kushirikiana na mtu mpaka aache ubaya wake. Vijijini kwetu jambo hili si geni. Mtu akiiba ng'ombe wa jirani na kukataa maneno ya wazee, watu humtenga. Hawanywi naye pombe, wala hawamwiti kwenye shughuli zao.

Sasa tuchukue mfano wa mpira. Tuseme kuna timu moja inayokataza watu wa kabila fulani kuichezea. Timu ya Bunda inakataa kuingia uwanjani nayo. Lakini timu ya Musoma inakwenda kucheza nayo kama kawaida. Basi Bunda inasema kwamba haitacheza na Musoma pia. Shikeni vizuri mfano huu wa timu tatu, kwa maana ndivyo ilivyotokea duniani mwaka 1976.

Mwalimu alianza kazi hii kabla ya Uhuru. Tarehe 26 Juni, 1959, alisimama katika mkutano mjini London pamoja na Padri Trevor Huddleston, ambaye baadaye alikuwa askofu wa Masasi. Waliwaomba Waingereza wasinunue bidhaa za Afrika Kusini, kama vile matunda na sigara. Mwezi Machi, 1961, Mwalimu aliandika katika gazeti la Uingereza kwamba Tanganyika huru haitajiunga na Jumuiya ya Madola kama Afrika Kusini imo. Mwezi huo huo Afrika Kusini ikajitoa.

Wapo waliosema michezo isichanganywe na siasa. Lakini waliotangulia kuichanganya ni makaburu wenyewe. Wao ndio waliokataza Mwafrika kuchezea timu ya taifa pamoja na Mzungu. Mwaka 1957 nchi za Afrika zilipoanza mashindano ya kombe lao la mpira, Afrika Kusini haikukubali kupeleka timu iliyochanganya watu wa rangi zote. Ikaachwa nje. Mwaka 1970 ilifukuzwa katika chama cha Michezo ya Olimpiki.

Hata hivyo wapo waliozidi kucheza nayo. New Zealand hupenda sana mchezo wa raga, yaani mpira unaochezwa kwa mikono na miguu. Mwishoni mwa Juni, 1976, timu yao ilikwenda Afrika Kusini. Siku chache tu kabla ya hapo, tarehe 16 Juni, polisi wa makaburu waliwapiga risasi watoto wa shule huko Soweto. Kosa la watoto hao lilikuwa kukataa kufundishwa kwa lugha ya Kikaburu.

Michezo ya Olimpiki ilikuwa ianze mjini Montreal, Kanada, tarehe 17 Julai. Nchi za Afrika zilitaka New Zealand izuiwe. Wakuu wa Olimpiki walijibu kwamba raga si mchezo wao, kwa hiyo hawana la kufanya. Serikali ya Mwalimu ikakataa kupeleka wanamichezo wake. Nchi nyingine za Afrika zikafuata, na waliogoma wakazidi 20. Hata Uganda ya Idi Amin iligoma, ingawa Amin na Mwalimu hawakuwa wakipatana kwa lolote.

Mgomo huo haukuwa wa bure. Tanzania ilikuwa na kijana aitwaye Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu. Mwaka 1974 alikwenda Christchurch, huko huko New Zealand, akakimbia mita 1,500 na kuvunja rekodi ya dunia. Mtu wa pili alikuwa John Walker wa New Zealand. Dunia nzima ilingoja wawili hawa wakutane tena Montreal. Bayi hakwenda. Walker alikimbia akapata medali ya dhahabu. Mike Boit wa Kenya na John Akii-Bua wa Uganda nao walikosa nafasi yao.

Mkimbiaji hana miaka mingi ya nguvu. Akikosa Olimpiki moja hungoja miaka minne. Kwa maoni yangu, gharama ya mgomo ule waliilipa vijana hawa kuliko viongozi wao, na si haki kuwasahau tunapomsifu Mwalimu. Tena Mwalimu naye hakuwa bila lawama nyumbani. Sheria ya mwaka 1962 iliruhusu watu kuwekwa kizuizini bila kesi, na wakati wa Operesheni Vijiji wengine walihamishwa kwa nguvu. Wazee wa Mara wanakumbuka.

Lakini mgomo ulifanya kazi. Mwaka 1977 viongozi wa Jumuiya ya Madola walipatana huko Gleneagles kuzuia michezo na Afrika Kusini. Mwaka 1981, timu ya makaburu ilipokwenda New Zealand, wananchi wa huko wenyewe waliandamana kwa maelfu kuipinga.

Mwaka 1980 mambo yaligeuka. Marekani ilitaka nchi zote zisiende Olimpiki ya Moscow, kwa sababu majeshi ya Urusi yaliingia Afghanistan. Rais Carter alimtuma Muhammad Ali, bingwa wa ngumi, aje kuwaomba Waafrika. Alianzia Dar es Salaam. Mwalimu hakukubali kuonana naye. Waandishi wa habari walimwuliza Ali kwa nini Marekani haikuwaunga mkono Waafrika mwaka 1976, naye akapata taabu kujibu.

Tanzania ikaenda Moscow. Bayi alipata medali ya fedha katika mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Suleiman Nyambui, mtu wa Majita hapa hapa Mara, alipata medali ya fedha katika mita 5,000. Hadi Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024, medali hizo mbili ndizo pekee Tanzania ilizowahi kupata.

Mwalimu aliacha urais mwaka 1985. Nelson Mandela alitoka gerezani mwaka 1990, na mwaka 1992 Afrika Kusini ikarudi katika Olimpiki huko Barcelona, ikiwa na wanamichezo wa rangi zote. Mwaka 1994 Waafrika wa huko walipiga kura na kushinda. Mwalimu aliyaona hayo yote.

Alifariki London tarehe 14 Oktoba, 1999. Alizikwa nyumbani kwake Mwitongo, Butiama. Hapo Butiama pana nyumba ya makumbusho yake. Mtu wa Bunda au Musoma anaweza kwenda kuyaona na kurudi siku hiyo hiyo.