Matthew Arnold, Mkaguzi wa Shule

Wengi waliosoma habari za Uingereza humjua Matthew Arnold kwa mashairi yake. Sisi twapenda kuwasimulia wasomaji wetu habari za kazi iliyompatia riziki kwa miaka 35, yaani ukaguzi wa shule, na jinsi alivyoshindana na kanuni ambayo yeye mwenyewe ilimpasa kuitimiza.

Alizaliwa tarehe 24 Desemba 1822 huko Laleham, kando ya mto Thames. Baba yake, Thomas Arnold, alikuwa kasisi, na tangu mwaka 1828 mkuu wa shule ya Rugby, mwenye sifa katika nchi nzima. Mwana alisoma Oxford. Mwaka 1851, alipotaka kuoa, alihitaji mshahara wa hakika, akapewa ukaguzi. Kwa kuwa hakuwa kasisi, hakupewa shule za Kanisa la Uingereza, ila za Wamethodisti na za madhehebu mengine. Nazo zilitawanyika mbali mbali, hata ikawa maisha yake ni safari za gari la moshi.

Basi, mwaka 1862 Robert Lowe, aliyesimamia elimu katika serikali, alileta kanuni mpya ya malipo. Tusimdhanie kuwa mpumbavu. Fedha za serikali zilikuwa zimepita pauni 800,000 kwa mwaka, na tume ya uchunguzi ilikuwa imeona ya kuwa walimu wengi huwashughulikia wanafunzi wakubwa, na wadogo huachwa hawajui kusoma. Kwa kanuni hiyo, kila mtoto aliyehudhuria zaidi ya mara 200 aliweza kuiletea shule yake shilingi 8. Lakini mkaguzi alimjaribu kusoma, kuandika na kuhesabu, na kila somo aliloshindwa lilikata shilingi 2 na pensi 8. Zamani serikali ilimpa mwalimu mwenye cheti sehemu ya mshahara wake mkononi mwake. Sasa fedha zote zilipita kwa wasimamizi wa shule, na wengi wao wakapatana na mwalimu kwamba ale fungu la zile zilizopatikana. Mtoto akiugua siku ya mtihani, mwalimu alipungukiwa.

Mwezi wa Machi mwaka ule ule Arnold alitoa makala gazetini kuipinga kanuni ya wakubwa wake. Hakutia jina lake, maana alijua ya kuwa huenda akafukuzwa. Hakufukuzwa, wala kanuni haikuzuiwa. Mwaka 1864 Bunge lilimlaumu Lowe kwa habari ya taarifa za wakaguzi zilizokatwa maneno, naye akajiuzulu, kanuni ikabaki.

Arnold akaendelea kuandika aliyoyaona. Watoto walisomeshwa kitabu kimoja mwaka mzima hata wakakishika kwa moyo, nao walifaulu mbele ya mkaguzi pasipo kujua kusoma. Historia na jiografia hazikuleta shilingi, kwa hiyo zikasahauliwa. Vijana waliojifunza ualimu wakapungua. Fedha za serikali zilipungua kweli, kama Lowe alivyotaka.

Hata hivyo hatuwezi kumsifu Arnold bila kusita. Kwa zaidi ya miaka 20 yeye ndiye aliyeketi darasani na kalamu, akitia alama zilizopunguza mshahara wa watu maskini kuliko yeye. Alikuwa na jamaa ya kulisha, na huzuni nyingi nyumbani: wana watatu walimfia kati ya 1868 na 1872. Pengine mwingine angejiuzulu. Lakini wakati huo nani angaliyaandika yale?

Alistaafu mwaka 1886. Tarehe 15 Aprili 1888 alikwenda Liverpool kumpokea binti yake atokaye Marekani, moyo ukasimama ghafula, akafa. Alizikwa Laleham. Miaka miwili baadaye, katika kanuni ya 1890, sehemu kubwa ya malipo yale ya kila somo ikafutwa.