Grace Hopper: mwalimu aliyeanza upya akiwa na miaka 37

Katika familia nyingi za hapa Kisangani, baba yuko shimoni upande wa Bafwasende ao Banalia, anatafuta dhahabu na almasi, na mama anabaki Mangobo ao Kabondo na meza yake ya unga na mafuta. Siku moja shimo linakauka, ao mwili unachoka, na swali linaingia nyumbani: mtu mwenye miaka 35 ao 40 anaweza kweli kujifunza kazi ingine? Na kama ni mwanamke? Leo tunawaletea maisha ya mama mmoja wa Marekani aliyejibu swali hilo kwa kazi yake. Ni Grace Hopper, mmoja kati ya watu waliofanya ordinatere ipokee maneno ya watu.

Alizaliwa New York tarehe 9 Desemba 1906. Akiwa na miaka saba, alifungua saa moja ya nyumbani ili aone ndani yake kuna nini. Akashindwa kuirudisha, akafungua ya pili, kisha ya tatu, mpaka saa saba zikalala chini vipande vipande. Mama yake hakumpiga: alimwachia saa moja tu ya kuchezea. Baba yake alikatwa miguu yote miwili kwa sababu ya ugonjwa, na alitaka wasichana wake wasome sawa na kaka yao, ili siku moja kila mtoto asimame peke yake. Wenye kupoteza mtu shimoni wanajua maana ya hilo wazo.

Grace alisoma hesabu. Tangu 1931 alifundisha kwenye chuo cha Vassar, na 1934 akapata doktora kwenye chuo kikuu cha Yale, jambo ambalo wanawake wachache sana walilipata wakati ule. Alikuwa na mshahara, jina na wanafunzi. Wengi wangebaki pale mpaka uzee.

Lakini vita ikafika Marekani. Mwisho wa 1943 Grace aliomba kuingia jeshi la majini. Walimkuta na makosa: miaka mingi, na uzito mdogo, karibu kilo 7 chini ya kipimo. Hakukubali, akaomba ruhusa ya pekee, wakamwachia. Kwenye mafunzo alimaliza wa kwanza. Mwezi wa Julai 1944 wakamtuma chuo kikuu cha Harvard, kwenye mashini ambayo hajapata kuona: Mark I.

Ile mashini ilikuwa ndefu kuliko nyumba nyingi za kwetu, zaidi ya mita 15, na ilipita tani 4. Ilifanya hesabu tu, lakini haikujua kitu bila kuambiwa. Ilibidi mtu aandike kila hatua, moja nyuma ya ingine, na kutoboa matundu kwenye ukanda mrefu wa karatasi. Tundu moja likikosea mahali, hesabu yote imeharibika. Maagizo hayo ndiyo tunayaita programu leo. Grace alikuwa kati ya watu watatu wa kwanza kuiandikia ile mashini programu. Kisha akaiandikia buku la maelezo la zaidi ya kurasa 500, lililotoka 1946. Ualimu haukumtoka.

Hapa kuna jambo linalotugusa sisi watu wa migodi. Mwaka ule wa 1944, mtaalamu John von Neumann alileta Harvard hesabu ngumu sana. Grace na wenzake walisaidia kuipitisha kwenye Mark I bila kuambiwa ni ya nini. Kumbe ilikuwa hesabu ya bomu la atomiki la aina iliyoanguka Nagasaki tarehe 9 Agosti 1945. Na sehemu kubwa ya uranium ya kazi ile ilitoka kwetu, Shinkolobwe, kule Katanga, ikichimbwa na Wakongomani ambao nao hawakuambiwa kitu. Shimoni na kwenye mashini, wafanyakazi walikuwa mbali, lakini walifanana: mikono inafanya, akili za juu zinaficha.

Baada ya vita, njia haikuwa nyepesi. Ndoa yake ilivunjika 1945. Jeshi lilimkatalia nafasi ya kudumu, juu ya miaka yake. Pombe ikamshika, na kuna wakati ilimfikisha pabaya. Tunayasema haya kwa sababu mara nyingi maisha ya wakubwa yanasimuliwa kama barabara ya lami. Yake ilikuwa na matope. Mwaka 1949, akiwa na miaka 42, alianza tena, kwenye kampuni changa ya Philadelphia iliyokuwa inatengeneza ordinatere ya UNIVAC.

Pale ndipo alipofanya kazi yake kubwa. Fikiri mama wa soko letu: mteja anaongea Lingala, wa pili Swahili, wa tatu Kifaransa, na yeye anawageuzia wote. Grace alitaka ordinatere nayo iwe na mgeuzaji wa namna hiyo: mtu aandike kwa namna anayoielewa, na programu yenyewe iyageuze maagizo kuwa namba za mashini. Mwaka 1952 alikuwa na mgeuzaji wake wa kwanza, A-0. Wengi hawakusadiki. Kwao, ordinatere ni ya kuhesabu, basi.

Hakuishia pale. Alitaka maagizo yaandikwe kwa maneno ya kawaida, ili karani wa duka ayasome bila kuwa mtaalamu wa hesabu. Kuwaonyesha wakubwa wa kampuni, alitayarisha programu ileile kwa Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani. Wakashtuka: namna gani mashini ya Marekani isikie Kifaransa? Hawakuona kwamba kwa mashini maneno yote ni alama tu. Ilibidi aeleze tena na tena, kama mwalimu na kalasi ngumu.

Kazi yake hiyo ndiyo ilikuwa msingi mkubwa wa COBOL, lugha ya ordinatere iliyotengenezwa kuanzia 1959. Haikuandikwa na yeye peke yake, lakini alama yake iko wazi ndani. Mpaka leo benki nyingi duniani zinaitumia kupitisha mishahara na akiba za watu.

Jeshi nalo likamrudia. Lilimpumzisha mwisho wa 1966, likamwita 1967 kwa miezi sita tu, naye akabaki miaka. Alipoaga 1986 alikuwa na miaka 79 na cheo cha admirali. Alipofundisha, aligawa vipande vya waya vya karibu sentimita 30: ni umbali ambao umeme hauwezi kuupita katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Alikufa tarehe 1 Januari 1992.

Tusidanganyane: Grace alianza na doktora, na mama wa Mangobo anaanza na umeme unaokatika. Lakini kazi ya kwanza ya Grace haikupotea. Ualimu wake, ile tabia ya kueleza mpaka mtu wa mwisho aelewe, ndio ulimfungulia mlango wa pili. Mama ambaye kwa miaka kumi ameandika madeni ya wateja kwenye daftari bila kupoteza hata franga, anayejua nini kinatangulia na nini kinafuata, tayari ana sehemu ya kazi hiyo mkononi. Akiketi siku moja mbele ya ordinatere, hatakuwa anaanza na mikono mitupu.