Benjamin Franklin na Njia ya Umeme

Benjamin Franklin alizaliwa mwaka 1706 mjini Boston, Marekani, wakati sehemu hiyo ilipokuwa koloni la Waingereza. Baba yake alitengeneza mishumaa na sabuni, naye alikuwa na watoto wengi. Kwa hiyo Benjamin aliacha shule akiwa na umri wa miaka 10 tu. Alijifunza kupiga chapa kwa kaka yake, na mwaka 1723 akaenda Philadelphia. Kazi hiyo ilimtajirisha. Alipofika miaka 42 aliiacha, ili apate nafasi ya kuchunguza umeme.

Siku hizo watu waliujua umeme tuli, yaani ule unaopatikana kwa kusugua vitu vikavu. Franklin aliona kwamba chuma chenye ncha kali, kikishikwa mkononi karibu na tufe lenye umeme, huuondoa umeme huo polepole bila cheche kubwa kuruka. Basi akafikiri: ikiwa radi nayo ni cheche, yawezekana kuionyesha njia. Jambo hilo halikuwa mchezo. Radi ilichoma nyumba nyingi, na huko Ulaya iliwaua watu waliopiga kengele za makanisa ili kuifukuza!

Mwezi Juni 1752 Franklin alirusha kishada cha hariri chini ya wingu la mvua. Kwenye kamba alifunga ufunguo. Nyuzi za kamba zilisimama kama manyoya ya paka mwenye hofu, na alipousogelea ufunguo kwa kidole, cheche ikaruka. Radi yenyewe haikukipiga kishada. Kama ingekipiga, angalikufa. Mwaka uliofuata mtaalamu Georg Richmann aliuawa na radi mjini Saint Petersburg, kwa kuwa fimbo yake ya chuma haikuunganishwa na ardhi. Usijaribu kamwe kurusha kishada wakati wa mvua.

Kingaradi cha Franklin kilikuwa fimbo ya chuma iliyopita juu ya paa, na mwisho wake wa chini ulizikwa katika udongo wenye unyevu. Umeme ulipita humo hadi ardhini. Aliwaeleza watu wote jinsi ya kukitengeneza, wala hakudai malipo. Alifariki mwaka 1790.

Redio hakuiona. Hata hivyo, antena iliyo juu ya paa hukusanya umeme tuli upepo mkavu wenye vumbi unapovuma. Umeme huo ukikosa njia nyingine, hupita ndani ya redio. Ndiyo maana mafundi huiunganisha antena ya nje na ardhi kwa waya mnene. Naye fundi, kabla ya kushika sehemu za ndani za redio, hugusa kwanza chuma kilichounganishwa na ardhi, kwani mwili wake pia hubeba umeme. Cheche ndogo asiyoihisi yaweza kuharibu transista. Mawingu ya radi yakianza kutanda, redio huchomolewa mapema, maana kingaradi hulinda paa na kuta, lakini umeme waweza bado kuingia kwa kupitia nyaya.