Agha Hasan Abedi: Mwasisi wa benki iliyoacha kilio katika nchi nyingi

MIAKA mingi imepita tangu Agha Hasan Abedi afariki dunia mjini Karachi, Agosti 5, 1995, lakini masaibu ya walioiamini benki yake yangali funzo kwa kila mwenye akiba.

Abedi alizaliwa mwaka 1922 mjini Lucknow, India. Alianza kazi katika Habib Bank, kisha akahamia Pakistan baada ya taifa hilo kuundwa mwaka 1947. Mwaka 1959 aliasisi United Bank, iliyokua haraka chini ya uongozi wake.

Akihofia benki za Pakistan kutaifishwa, jambo lililotokea kweli mwaka 1974, aliunda benki ya BCCI mwaka 1972. Mtaji ulitoka kwa Sheikh Zayed wa Abu Dhabi na Bank of America ya Marekani.

Hila ilijificha katika muundo wake. Benki iliandikishwa Luxembourg na Visiwa vya Cayman, huku ikiendeshwa kutoka London. Hadi mwaka 1987 kila upande ulikuwa na mkaguzi wake wa hesabu, hivyo hapakuwa na jicho moja lililoona daftari zima.

Ilienea katika nchi takriban 70, Kenya ikiwamo, ikijinadi kuwa benki ya Dunia ya Tatu. Ndani yake, mikopo minono ilitolewa bila dhamana ya kutosha na hasara zikafukiwa kwa amana za wateja. Mwaka 1990 ilikiri mahakamani mjini Tampa, Marekani, kosa la kutakatisha fedha za dawa za kulevya.

Julai 5, 1991 wadhibiti wa nchi kadhaa waliifunga, ikiwa na madeni ya zaidi ya dola bilioni 10. Nchini Uingereza, mfuko wa kulinda amana ulifidia asilimia 75 ya paundi 20,000 za kwanza tu. Wafilisi walirejesha sehemu kubwa ya fedha, lakini kazi hiyo ilichukua zaidi ya miaka 10, na wafanyabiashara wengi wadogo walikuwa wamekwisha kufilisika.

Abedi, aliyedhoofishwa na maradhi ya moyo tangu mwaka 1988, alihukumiwa Abu Dhabi mwaka 1994 kifungo cha miaka minane bila ya kuwapo mahakamani. Pakistan haikumkabidhi, na hakukitumikia.

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Benki inapoandikishwa mbali na inakofanyia kazi, mwenye akiba na aulize kwanza ni nani anayeisimamia, na nani atakayemlipa siku itakapoanguka.