Victoria Mxenge: Mkunga, Wakili na Mama



Michango ya mwaka huu inaelekezwa kwenye mfuko wa masomo, hasa kwa mabinti zetu wanaofaulu kisha wakakwama kwa ada, nauli na mahitaji ya bweni. Kwa sababu hiyo, katika ukurasa wa maisha ya watu wa kukumbukwa tumemchagua mama ambaye hakuzaliwa upande huu wa Ruvuma. Alikuwa mtu wa Afrika Kusini. Alianza kazi akiwa muuguzi, akamaliza akiwa wakili, akalea watoto watatu, na baada ya kufiwa na mume alianzisha mfuko wa kusomesha watoto wa wenzake.

Binti wa Tamara

Victoria Nonyamezelo Ntebe alizaliwa tarehe 1 Januari 1942 katika kijiji cha Tamara, karibu na mji wa King William's Town. Nonyamezelo ni jina la Kixhosa linalotokana na neno la kuvumilia. Alisoma shule za eneo lake, kisha akamalizia sekondari mwaka 1959 katika shule ya misheni ya Healdtown, ile ile aliyopita Nelson Mandela miaka ya nyuma.

Wakati huo binti Mwafrika aliyefaulu alikuwa na milango michache: ualimu au uuguzi. Victoria akachukua uuguzi, akafunzwa katika hospitali ya Lovedale na kuhitimu mwaka 1964. Mwaka huo huo aliolewa na Griffiths Mxenge, kijana wa kijiji cha Rayi aliyekuwa akisomea sheria, wakahamia Durban. Huko Victoria akajifunza ukunga katika Hospitali ya King Edward VIII, kisha akawa muuguzi wa jamii katika kitongoji cha Umlazi. Wale wanaowajua wauguzi wetu wa Mkomaindo na Ndanda wanaelewa kazi hiyo. Muuguzi wa jamii huingia nyumba za watu, akajua nani amelala njaa na nani mumewe amechukuliwa na polisi usiku.

Kutoka wodini hadi mahakamani

Ndoa yao ilikuwa bado changa Griffiths alipokamatwa. Mwaka 1967 alihukumiwa kifungo cha miaka miwili katika kisiwa cha Robben kwa kuendeleza malengo ya ANC, chama kilichokuwa kimepigwa marufuku. Victoria aliendesha nyumba kwa mshahara wa uuguzi. Mumewe alitoka mwaka 1969, akawekewa amri za kumbana asikutane na watu wala asisafiri apendavyo. Hata hivyo alimaliza masomo yake na katikati ya miaka ya 1970 akafungua ofisi ya uwakili mjini Durban.

Victoria akaacha uuguzi na kuingia katika ofisi hiyo. Hakuwa na nafasi ya kukaa chuoni, kwa kuwa alikuwa na watoto na kazi. Akajiandikisha katika Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA, kilichokuwa kikifundisha kwa njia ya posta, akasoma sheria kwa barua huku akihudumia wateja mchana na familia jioni. Alisoma hivyo kwa miaka, hadi mwaka 1981 alipokubaliwa rasmi kuwa wakili. Alikuwa na umri wa miaka 39.

Tunalitaja hilo makusudi. Wapo kina mama kwetu walioishia darasa la saba au kidato cha nne na ambao hudhani gari limeshawaacha. Mama huyu alianza safari ya pili ya elimu akiwa na watoto, akaimaliza.

Mwaka 1981

Mwaka ule ule wa furaha ndio uliomletea msiba. Usiku wa tarehe 19 Novemba 1981 Griffiths hakurudi nyumbani. Mwili wake ulikutwa karibu na uwanja wa michezo wa Umlazi, ukiwa na majeraha ya visu zaidi ya 40. Victoria ndiye aliyekwenda kuutambua. Miaka mingi baadaye ilithibitika kwamba wauaji walitumwa na kikosi cha siri cha polisi wa Makaburu. Mwaka 1997 watatu kati yao walitiwa hatiani, kisha wakapewa msamaha chini ya Tume ya Ukweli na Maridhiano, jambo ambalo ndugu wa marehemu walilipinga.

Mjane mwenye watoto watatu angeweza kufunga ofisi, na hakuna ambaye angemlaumu. Victoria aliiacha wazi, akachukua mafaili ya mumewe na kuendelea na kesi. Aliwatetea wanafunzi na vijana walioteswa mahabusu, akasimama na familia zilizotaka kujua watoto wao walifia wapi na kwa mkono wa nani. Alijiunga na umoja wa wanawake wa Natal na kushika nafasi ya uongozi katika UDF, muungano wa vyama vilivyopinga ubaguzi wa rangi ndani ya nchi.

Katika kipindi hicho ndipo alipoanzisha mfuko wa masomo kwa kumbukumbu ya mumewe. Aliyeuawa alikuwa msomi, na njia aliyoichagua mjane wake ya kumuenzi ilikuwa kusomesha wengine.

Miezi ya mwisho

Tarehe 20 Julai 1985 makumi ya maelfu ya watu walikusanyika Cradock kuwazika Matthew Goniwe na wenzake watatu, waliouawa na polisi wa usalama. Victoria alialikwa kuzungumza, akazungumza bila kuficha uchungu wake. Wakati huo pia alikuwa katika jopo la utetezi wa viongozi 16 wa UDF na vyama vya wafanyakazi walioshtakiwa kwa uhaini huko Pietermaritzburg.

Siku kumi na mbili baada ya mazishi ya Cradock, jioni ya tarehe 1 Agosti 1985, alivamiwa na watu wenye silaha akiwa anafika nyumbani kwake Umlazi. Watoto wake walikuwapo. Alikuwa na umri wa miaka 43. Alizikwa kijijini Rayi, alikozikwa pia mumewe, mbele ya maelfu ya waombolezaji. Mwaka 1987 hakimu alitamka kwamba wauaji hawajulikani.

Lakini kesi aliyoiacha haikufa naye. Desemba 1985 mashtaka dhidi ya washtakiwa 12 kati ya 16 yaliondolewa, na wanne waliobaki wakaachiwa mwaka uliofuata.

Yanatuhusu vipi

Wazee wetu wanakumbuka kwamba mapambano ya kusini yalipita mlangoni kwetu. Wapiganaji wa FRELIMO walifunzwa Nachingwea, na wakimbizi walivuka Ruvuma wakapokewa na jamaa zao. Trevor Huddleston, aliyekuwa askofu wa Masasi kuanzia 1960 hadi 1968, alikuja kwetu baada ya kuondolewa Afrika Kusini alikowatetea watu wa Sophiatown, na mwaka 1981, mwaka wa kifo cha Griffiths, akawa rais wa chama cha kupinga ubaguzi wa rangi huko Uingereza. Victoria alipouawa mwaka 1985, waziri wa mambo ya nje wa Tanzania alikuwa mwana wa Lupaso, hayati Benjamin Mkapa. Habari za mama huyu zilikuwa habari za nyumbani pia.

Mwaka 2006 Serikali ya Afrika Kusini ilimpa nishani ya Luthuli. Heshima nyingine alipewa na kina mama maskini. Miaka ya 1990 wanawake waliokuwa wakiishi vibandani pembezoni mwa Cape Town walianza kuweka akiba ya senti chache chache, wakajifunza ujenzi, wakajenga nyumba zao za matofali. Mtaa wao wakauita Victoria Mxenge. Hakuna mmoja wao ambaye angeweza kujenga peke yake.

Hapo ndipo lilipo somo la harambee yetu. Kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba hubeba mzigo wa wapwa zake. Mtoto wa dada si mtoto wa mtu mwingine. Tukiutanua utaratibu huo kidogo tu, binti wa Kitangari, wa Lulindi au wa Chiungutwa anakuwa mpwa wa sisi sote, na ada yake inakuwa deni letu.

Mfuko unaotegemea mtu mmoja hodari huyumba siku mtu huyo asipokuwapo. Kwa hiyo tunaomba mkono wa kila mmoja. Mkulima atoe kidogo baada ya kuuza korosho, mfanyakazi aliye Dar es Salaam au Mtwara atenge kiasi kila mwezi, na walio nje ya nchi wachangie ada ya mwaka mzima ya binti mmoja. Hata wale wanaoweza kutoa vitabu, magodoro au muda wa kufundisha likizo wanahitajika.

Huenda kati ya mabinti tutakaowasomesha atapatikana mkunga, na miaka ishirini baadaye mkunga huyo akasimama mahakamani kumtetea mtu asiye na mtetezi. Tumlipie ada sasa.