J.L.B. Smith: Mwanakemia aliyemsaka gombessa

Wavuvi wa Nzwani, katika visiwa vya Ngazija, walikuwa wakimvua gombessa miaka na miaka kabla ya wataalamu kujua kwamba yupo. Hakuwa na bei sokoni. Magamba yake makavu, inasimuliwa, yalitumika kukwangulia mpira wa baiskeli kabla ya kutia kiraka. Aliyemfanya samaki huyo ajulikane duniani hakuwa mvuvi, wala hakusomea samaki.

James Leonard Brierley Smith alizaliwa mwaka 1897 Graaff-Reinet, Afrika Kusini. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia aliletwa Afrika Mashariki kupigana na Wajerumani, akaondoka na malaria na afya iliyodhoofika. Baadaye alisomea kemia hadi Cambridge, kisha akaifundisha Grahamstown. Samaki aliwashughulikia kwa mapenzi tu, nje ya saa za kazi.

Desemba 1938, Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa makumbusho ndogo ya East London, alimkuta samaki wa ajabu kwenye shehena ya meli ya uvuvi: rangi ya buluu, magamba magumu, mapezi yaliyoota juu ya vikono vya nyama kama miguu. Akamchora, akampelekea Smith barua. Smith alitambua mara moja jamii ya samaki waliojulikana kwa mabaki yaliyogeuka mawe tu, walioaminiwa kutoweka zaidi ya miaka milioni 65 iliyopita. Alipofika, matumbo yalikuwa yameshatupwa, imebaki ngozi iliyojazwa. Akampa jina Latimeria chalumnae, kwa heshima ya bibi huyo na mto Chalumna, ambapo alivuliwa karibu na mlango wake.

Kumpata mwingine kulichukua miaka 14. Smith aliiacha kemia, akazunguka na mkewe Margaret, mchoraji wa samaki, kutoka Msumbiji hadi Unguja, Pemba na Kenya. Waligawa vipeperushi vyenye picha na ahadi ya pauni 100, kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Kiswahili hakikuwemo, ingawa ndiyo lugha ya wengi waliokuwa wakitega nyavu na mishipi kwenye pwani hii!

Unguja walikutana na nahodha Eric Hunt, aliyefanya biashara hadi Ngazija, naye akavichukua vipeperushi. Desemba 1952 mvuvi wa Nzwani, Ahamadi Abdallah, akavua gombessa, na kipeperushi kikafanya samaki atambuliwe kabla hajakatwakatwa. Hunt akapiga simu ya maandishi. Smith akamwomba Waziri Mkuu D.F. Malan ndege ya jeshi, akapewa, ingawa Malan alikuwa mchungaji asiyekubali habari za viumbe kubadilika kutoka aina moja hadi nyingine. Huko Maore, Smith alipomwona samaki alilia.

Kuna upande wake mwingine ambao sisi wa pwani hatuwezi kuupita kimya. Ili kukusanya samaki wa miambani, Smith alilipua baruti. Mwamba haubagui mlipuko wa msomi na wa mvuvi haramu. Leo angetiwa pingu Shimoni au Tanga. Zama zake wachache walidhani bahari inaweza kwisha.

Alifariki mwaka 1968. Margaret aliendeleza kazi, na taasisi ya samaki ya Grahamstown ikapewa jina la mumewe kwa miaka mingi.

Gombessa mwenyewe yuko kwetu. Mwaka 2001 alinaswa Malindi na meli ya kukokota nyavu, na baadaye wamepatikana wengi Tanga, ambako Tanzania ilitenga hifadhi kwa ajili yake mwaka 2009. Biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 unaonyesha kwamba anaweza kuishi karibu miaka 100, jike hazai mpaka apindukie miaka 50, na mimba huchukua kama miaka mitano. Wanaomnasa Tanga hata hawamtafuti: hushusha jarife kina kirefu kutafuta papa, na asubuhi wakivuta wanamkuta yeye, amekufa.