Bob Marley: Doa la kidoleni lililozima nyota ya reggae

GWIJI wa muziki wa reggae, Bob Marley, alipofariki mnamo Mei 11, 1981 mjini Miami, Marekani, alikuwa na umri wa miaka 36 pekee. Aliponea risasi za wavamizi waliomshambulia nyumbani kwake Kingston mnamo Desemba 1976, lakini hakuinusuru roho yake na saratani ya ngozi iliyoanzia chini ya ukucha.

Robert Nesta Marley alizaliwa Februari 6, 1945 katika kijiji cha Nine Mile, Jamaica. Baadaye yeye na mamake, Cedella, walihamia mtaa duni wa Trench Town, Kingston. Ni huko ambako mnamo 1963 aliunda kundi la Wailers pamoja na Peter Tosh na Bunny Wailer.

Marley alienzi kandanda. Kwa hivyo, kidonda cha kidole gumba cha mguu wake wa kulia kilipokataa kupona, kilidhaniwa kuwa jeraha la uwanjani. Mnamo 1977, madaktari walibaini kuwa ni melanoma. Walimshauri akatwe kidole, naye akakataa kwa misingi ya imani yake ya Kirastafari. Aliondolewa ukucha na nyama ya chini yake tu.

Aliendelea kutumbuiza, hata kwenye sherehe za uhuru wa Zimbabwe Aprili 1980. Septemba mwaka huo alizirai akifanya mazoezi ya kukimbia New York. Saratani ilikuwa imefika ubongoni. Matibabu nchini Ujerumani hayakufua dafu, na mauti yalimkuta akiwa safarini kurejea nyumbani.

Leo, daktari wa ngozi hutumia dermatoskopu, kifaa kinachokuza doa takriban mara 10 kwa mwanga maalumu. Kwenye wayo, rangi ya doa la kawaida mara nyingi hufuata mifereji ya ngozi. Ya melanoma hufuata matuta. Chini ya ukucha, mistari isiyolingana kwa upana na rangi huzua shaka. Mashine nyingine hutumia leza kuonyesha seli bila kukata ngozi. Hata hivyo, uamuzi wa mwisho hutolewa na maabara baada ya kupima kipande cha ngozi.

Melanoma ni nadra miongoni mwa watu weusi, lakini inapowapata, mara nyingi hujificha kwenye nyayo, viganja na kucha. Doa linalobadilika au kidonda kisichopona hapo si jambo la kupuuzwa.